Herufi moja chini ya kitako: tathmini yangu ya barua ya kihistoria ya Smith & Wesson

Baba mkubwa alipofariki alituachia vitu vichache na hadithi nyingi. Kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa bastola ya silinda, imeviringishwa kwenye kipande cha flana kinachonuka mafuta ya cherehani, ndani ya kopo la biskuti lenye kutu. Hadithi yake ilikuwa imeitangulia siku nyingi: "Hiyo ni ya mwaka kumi na nne. Ya Vita ya Kwanza." Aliisema kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, ingawa mwaka huo hata baba yake alikuwa hajaoa.

Mimi ni karani wa hesabu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi yangu ni kupitia namba zilizoandikwa na watu wenye haraka. Kwa hiyo wosia uliponitaja mimi ("mpeni huyu, ndiye atakayeitunza"), kaka yangu alicheka akasema sasa bastola imepata mkaguzi. Alisema kweli. Nilitaka karatasi: nani aliitengeneza, lini, na ilikwenda wapi. Karatasi hiyo nimeipata, ni barua ya kihistoria kutoka Smith & Wesson Historical Foundation, taasisi ya kumbukumbu za Smith & Wesson, kampuni ya bastola ya Marekani, na nilijiahidi kuandika jinsi nilivyoipata, ilichoniambia, na mahali ilipokomea.

La sheria kwanza, nilimalize. Kopo lilipofunguliwa sikuigusa. Nilipiga simu polisi, nikaeleza kuna silaha ya marehemu, nikaelekezwa namna ya kuikabidhi, na mpaka kibali kilipotoka ilikaa kwa fundi wa silaha mwenye leseni, si nyumbani kwangu. Kaka aliniona mwoga. Kila nchi ina sheria zake, lakini sijasikia nchi inayofurahi kumkuta mtu na bastola ya marehemu kabatini, haina karatasi, naye anaeleza habari za urithi.

Kabla ya fundi huyo nilishapoteza hela kwa mtu mwingine. Simtaji. Anapokea picha, anatoa majibu. Nilimtumia picha sita zilizopigwa wakati wa kukabidhi, akanijibu kwa sentensi moja na nusu: Smith & Wesson, modeli ya Military & Police, ya 1913 hivi, kaliba (yaani unene wa risasi) .38. Kaka akashangilia. "Si umeona? Kumi na tatu, kumi na nne, yale yale."

Hayakuwa yale yale. Juu ya mtutu kuna mstari wa maandishi madogo mno, na kwenye moja ya zile picha, ukiivuta, yanasomeka: PATENTED FEB. 6. 06, SEPT. 14. 09, DEC. 29. 14. Hapo nikamwelewa marehemu. Alikuwa amesoma hiyo 14 ya mwisho, akaitia kwenye hadithi. Lakini hizo ni tarehe za hataza, yaani siku ambazo kampuni ilipewa haki ya ubunifu fulani uliomo ndani ya bastola. Kampuni iliendelea kuzichapa tarehe hizo miaka mingi baadaye. Zinachokuambia ni kwamba silaha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tarehe ya mwisho kati yake. Haziwezi kukuambia ni changa kiasi gani. Sasa bastola ya 1913 imebebaje hataza ya mwisho wa Desemba 1914? Nilimwandikia yule mtu nikamuuliza hivyo hivyo. Hakujibu, na hela hakurudisha.

Fundi ndiye aliyenifungua macho, na kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyoifanya barua iwe na maana, namtathmini pamoja nayo. Siku ya kwanza, kabla hata hajaniitikia salamu sawasawa, alisukuma kitufe cha upande wa kushoto kwenda mbele, akaitoa silinda pembeni kwa vidole viwili, akachungulia matundu yote sita, kisha akanigeuzia.

"Chungulia, dada."

"Si umeshachungulia wewe, fundi?"

"Nimechungulia mimi. Sasa wewe. Na nikikurudishia utachungulia tena."

Nilimpenda hapo hapo. Huyo ni mtu anayehesabu pesa mbele yako.

Nilikuwa nimekuja na fomu ya kuombea barua, nimeijaza nusu. Mahali pa namba ya silaha nilikuwa nimeandika tarakimu tano nilizoziona kwenye picha mojawapo: silinda ikiwa nje, kwenye ule mkono unaoibeba kuna namba safi, kubwa, inayosomeka bila miwani. Nani angeitilia shaka? Fundi aliiangalia fomu, akachukua kalamu yangu bila kuniomba, akaikata kwa mstari mmoja. Hiyo ni namba ya kuunganishia, akasema. Kiwandani vipande vilichongwa vikae pamoja, vikaenda kupakwa rangi vikiwa vimetenganishwa, na namba hiyo ilimsaidia mfanyakazi kuvirudisha kwa wenzake. Kazi yake iliishia mlangoni mwa kiwanda. Watu wengi sana huituma hiyo, akasema, kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri.

Namba yenyewe iko chini ya kitako. Pale kwangu kuna pete ya kufungia kamba, ile ya askari asiangushe silaha akiwa juu ya farasi au garini, na shina la pete limepita katikati ya namba na kuigawa vipande viwili. Upande mmoja tulisoma 210. Upande wa pili tarakimu tatu ambazo naziweka kwangu. Mia mbili na kumi elfu na ushee. Ndiyo namba ambayo yule bwana wa picha aliisoma, na ndiyo iliyompa 1913.

Fundi hakuridhika. Aliinamisha taa. Kushoto kabisa, kabla ya hiyo 210, chuma kilionekana kimejaa kitu cheusi kama lami: vumbi, grisi na jasho la miaka. Hakukwaruza. Alidondosha tone moja la mafuta, akasubiri, akachukua kijiti cha meno, cha mti, akawa anakizungusha taratibu huku akifuta kwa pamba. Pamba ya kwanza ikawa nyeusi. Ya pili kahawia. Ya tatu ilipotoka pakabaki mistari miwili iliyokutana chini.

V.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Dada, bastola yako imeruka vita moja."

Nieleze hesabu yake, maana ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Kampuni hii, wakati huo ikiwa Springfield, Massachusetts, ilianza kutengeneza bastola za Military & Police mwaka 1899, na namba zake zikapanda mfululizo kwa miaka arobaini na zaidi. Namba kama yangu ikiwa haina herufi inaangukia kati ya 1909 na 1915. Mwaka 1942, katikati ya vita, namba zikafika milioni moja. Wakaanza upya na kutia herufi V mbele, kwa ajili ya neno la Kiingereza la ushindi, na ndiyo maana wakusanyaji huiita bastola hii Victory. Kwa hiyo uchafu wa ukubwa wa punje ya mchele uliizeesha silaha yetu kwa karibu miaka thelathini, na uliungana vizuri sana na ile 14 ya juu ya mtutu. Makosa mawili yakishikana mikono hupata nguvu ya ushahidi. Nimeliona hilo kwenye vitabu vya hesabu mara nyingi mno.

Baada ya V kupatikana, vingine vilijipanga vyenyewe. Rangi yake si ile ya bluu inayong'aa ya bastola za kabla ya vita. Ni ya kijivu iliyopauka, kama chuma kilichopulizwa mchanga, kwa sababu wakati huo hakukuwa na nafasi ya kung'arisha. Juu ya fremu, yaani mwili wa bastola, kwenye mgongo unaopita juu ya silinda, kuna maneno UNITED STATES PROPERTY, na pembeni herufi GHD. Hizo ni za Guy H. Drewry, ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa akisimamia ukaguzi wa silaha. Bastola za mapema kidogo huwa na WB, za Waldemar Broberg aliyemtangulia. Kwa hiyo hata herufi za mkaguzi zina zamu yake, na zamu ni tarehe.

Lakini mtutu ni wa inchi 5, na kaliba ni .38 S&W, risasi fupi ambayo Waingereza waliiita .38/200, ile 200 ikiwa uzito wa kichwa chake kwa vipimo vya zamani, karibu gramu 13. Wamarekani wenyewe walichukua zaidi mtutu wa inchi 4 na risasi ya .38 Special. Sasa kwa nini mali ya Marekani iwe na umbo la Kiingereza? Kwa sababu ya mpango wa Lend-Lease uliopitishwa kuwa sheria Machi 1941. Marekani ilinunua, ikachapa jina lake, ikawaazimisha washirika wake. Zaidi ya bastola 570,000 za aina hii zilikwenda Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. (Nilipima mtutu mwenyewe nikapata inchi 6 na ushee. Nilikuwa nimepima na fremu. Bastola ya silinda hupimwa kutoka mdomoni hadi mtutu unapokomea, pale mbele ya silinda tu.)

Namba ikatafutwa kwingine pia. Nyuma ya silinda: ile ile. Chini ya mtutu, kwenye bapa ambapo fimbo ya kutolea maganda hulala: ile ile. Ndipo fundi akafungua skrubu moja ya vibao vya kitako. Skrubu ya zamani hataki kuifungua kwa bisibisi isiyokaa sawasawa, alijaribu tatu kabla ya kuridhika, na aliikaza kwa kiganja chote huku amezuia pumzi. Vibao ni vya mti wa walnati, laini, havina mchoro. Upande wa nje vimekuwa vyeusi kwa mikono ya watu; ndani vina rangi ya asali, kama vimekatwa jana. Na ndani ya kile cha kulia kuna namba. Siyo yetu.

"Hivi ni vya bastola nyingine," fundi akasema. "Ya enzi ile ile, lakini nyingine. Viliwahi kutolewa vingi pamoja, vikarudishwa bila kuangaliwa." Nikaandika namba hiyo ya pili nyuma ya bahasha.

Sasa barua. Fomu yenyewe haina ugumu: namba pamoja na herufi zake, kaliba, urefu wa mtutu, rangi, alama zote unazoziona, na picha. Mtu aliyeishika silaha na fundi ataijaza kwa dakika kumi. Asiyejua anachokitazama ataijaza kwa dakika tano na kupata barua ya bastola ya mtu mwingine, na kosa litakuwa lake. Smith & Wesson walirudia namba zile zile kwenye modeli mbalimbali, kwa hiyo namba tupu, bila modeli wala kaliba wala herufi, ni kama jina la Juma bila la baba.

Barua ilikuja. Ukurasa wenye maelezo ya modeli na historia yake, kisha aya ambayo ndiyo uliyoiombea. Yangu inasema bastola yenye namba hiyo ilitoka kiwandani Februari 1943, ikiwa na mtutu wa inchi 5, kaliba .38 S&W, rangi ya kupulizwa mchanga, vibao laini vya walnati, na ikakabidhiwa kwa serikali ya Marekani. Basi. Niliisoma mara tatu nikitafuta zaidi.

Mara ya nne ndipo nilipoanza kuiheshimu. Barua ile haikisii. Haisemi "huenda ilitumika" wala "inaaminika". Inasema kilichoandikwa kwenye vitabu vya kampuni vya kutolea mzigo, ikanyamaza. Kazi hii ya kuchimba vitabu hivyo na kuwajibu wenye silaha ilifanywa kwa miongo mingi na Roy Jinks, mwanahistoria wa kampuni, na mtindo wake wa kikarani naujua ninapouona. Angalieni pia neno lenyewe: *ilitoka*. Tarehe mnayopewa ni ya kutoka kiwandani, si ya kutengenezwa. Namba hazikutoka kwa mpangilio. Bastola yenye namba kubwa ingeweza kuondoka kabla ya ndogo iliyobaki rafuni. Wale wanaosema "yangu ya Januari kwa sababu namba iko chini ya yako" wanakosea, na hata vile vijedwali vya namba na miaka vinavyozunguka kila mahali hutoa makadirio tu. Barua inatoa mwezi na mwaka. Hapo ndipo ilipozidi kila kitu nilichojaribu.

Inakokomea: mlango wa kiwanda. Baada ya Februari 1943 barua haijui lolote, wala haikuwahi kudai. Kwa maisha yake mengine ilibidi nirudi kwa fundi na kioo cha kukuzia, na kwa kweli nusu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kwenye mtutu na silinda kuna alama ambazo hazikupigwa Marekani. Maneno NOT ENGLISH MAKE. Taji juu ya herufi BNP. Na mstari huu: .38 .767" 3½ TONS. Hizo ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Uingereza silaha haiuzwi kwa raia kabla ya kujaribiwa kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida na kupigwa mhuri. Jeshi lina ukaguzi wake, halihitaji huo. Kwa hiyo mihuri hiyo ikiwapo, maana yake bastola ilishavua gwanda ikaingia sokoni. Yale maneno ya "si ya Kiingereza" yalianza na kanuni za 1925. Taji na BNP ni za kanuni za 1954. Fundi aliviweka viwili hivyo pamoja akasema katikati ya miaka ya 1950. Hakuwa na barua ya kuthibitisha, na hakujidai anayo. Mimi nimeiandika hivyo hivyo kwenye daftari: "katikati ya miaka ya 1950, kwa mujibu wa mihuri."

Halafu akachukua risasi bandia ya mazoezi, ya .38 Special, akaishika juu ya tundu la silinda na kuiachia. Ikateleza mpaka ukingoni. *Tik.* Akajaribu tundu la pili. *Tik.* Yote sita.

Uso wake ukabadilika. Ganda la .38 S&W ni fupi na nene kidogo; la .38 Special ni refu na jembamba. Kwenye silinda kama ilivyotoka kiwandani, hiyo ya Special ingekwama katikati. Ikiingia yote, kuna mtu aliyachimba matundu kwa keekee ili silaha itumie risasi inayopatikana kirahisi. Bastola nyingi za aina hii zilifanyiwa hivyo baada ya vita. Matokeo yake, mbele tundu linalingana na risasi mpya, nyuma linapwaya, kwa hiyo ganda likifyatuliwa hutuna kiunoni na mara nyingine hupasuka. Na mtutu wenyewe ulikatwa kwa kichwa chenye unene wa inchi 0.361, wakati cha Special ni 0.357.

Hapo karani akaamka. Nikamwonyesha mstari wa Birmingham: .767" ni urefu wa ganda, na ni ganda fupi. Walioijaribu waliijaribu kwa risasi fupi. Basi uchimbaji ulifanyika baada ya mhuri, na mhuri ule haukuhusu matundu haya tuliyo nayo leo. Fundi alinitazama muda kidogo, akasema nikiacha kazi ya hesabu nimwambie.

Kwa hiyo hii bastola haitapigwa. Siyo na mimi, siyo na kaka, siyo hata kwa "moja tu ya kusikia mlio". Kuna sababu ya pili tena. Mwishoni mwa 1944 bastola ya aina hii iliangushwa kwenye meli ya jeshi la wanamaji la Marekani, ikajifyatua, ikaua baharia. Kizuizi cha nyundo cha zamani kilitegemea springi nyembamba, na grisi ikiganda ndani hakikusogea. Kiwanda kikabuni kingine haraka, na zilizofungwa hicho kipya zikaongezewa herufi S, ikawa SV. Yangu ni V peke yake. Ukiona watu wanabishana kama kuna S au hakuna, si ushabiki wa herufi.

Je, kila mrithi aombe barua ya aina hii? Hapana. Kama mlichorithi ni Enfield No. 2 au Webley Mk VI ya jeshi, au Nagant ya Kirusi ya modeli ya 1895, mwaka umechapwa kwenye chuma chenyewe. Kioo cha kukuzia kinatosha. Kama ni Colt, Colt nao wana kumbukumbu zao na barua zao. Na kama kilichowashawishi ni kuona maneno "38 S&W" kwenye mtutu, tulieni kwanza. Mara nyingi hilo ni jina la risasi. Vibastola vya Iver Johnson na Harrington & Richardson vilikula risasi hiyo hiyo, na mafundi wa Eibar, Hispania, walitoa nakala nyingi za umbo la Smith & Wesson ambazo jina hilo limechapwa kubwa kuliko la mtengenezaji. Anayetuma namba ya bastola ya Eibar kwa Smith & Wesson anamsumbua mtunza kumbukumbu bure.

Lakini kama ni Smith & Wesson kweli, na hasa kama kuna hadithi ya ukoo juu yake, ombeni. Mimi nimepata zaidi ya nilichotarajia kutoka karatasi moja. Nasema pia wazi kwamba bila fundi ingekuwa upuuzi: ningetuma namba ya kuunganishia, au 210 bila V. Fundi nampa sifa zote isipokuwa moja, mwandiko. Risiti yake nimeshindwa kuisoma mpaka leo, na mimi husoma risiti za watu kwa mshahara.

Msisafishe kitu kabla ya kuipeleka. Wifi yangu alikuwa na nia njema na alikuwa na brashi ya waya mkononi siku ile kopo lilipofunguliwa. Kama angeanzia kitakoni, nisingekuwa na V ya kuandika habari zake.

Kaka nilimsomea barua kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Februari arobaini na tatu," akarudia. Akanyamaza. "Sasa mzee aliipata lini?" Sijui, na barua haijui. Kuanzia mhuri wa Birmingham mpaka kopo la biskuti hakuna karatasi hata moja.

Kaka bado anasema kumi na nne mbele ya wageni. Nimemwachia. Barua iko kwenye jalada pamoja na kibali, na ile bahasha yenye namba ya vibao vya bastola nyingine nimeibana nyuma yake kwa klipu. Inaanza na V pia. Nimeshachukua fomu ya pili, ila fundi anasema siwezi kuomba barua ya bastola ambayo nina vibao vyake tu.